Kichanganuzi Kikipiga Kelele, Kichanganuzi Kikinyamaza: Kutafuta Chanzo cha Tatizo

Simu ililia saa tatu asubuhi, mahamri bado yako mkononi. Alikuwa mzee mmoja, wakala wa kutoa mizigo bandarini Kilindini, mteja wetu wa miaka mingi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, mimi tangu lini nauza matairi?"

Kwenye orodha yake ndani ya programu yetu, katikati ya makontena ya vigae na sabuni, lilikuwa limeingia kontena la matairi la mteja mwingine. Kwa wakala hilo si jambo la mzaha, maana mizigo ya mtu ni siri yake ya biashara. Nilitafuta asubuhi nzima, na hitilafu nikaikuta kwenye mistari mitatu:

```python
def ongeza_mzigo(mzigo, orodha=[]):
    orodha.append(mzigo)
    return orodha
```

Mgeni wa lugha ya Python ataapa kwamba kila fankshini hii inapoitwa bila orodha, orodha mpya tupu inaundwa. Sivyo. Python huiunda mara moja tu, pale mstari wa `def` unapotekelezwa, kisha huitumia hiyo hiyo kwa kila anayeita. Mteja wa kwanza anatia vigae, wa pili anatia matairi, na wote wanapakua sufuria moja.

Kilichoniuma ni kwamba kichanganuzi chetu, programu ya kukagua msimbo, kilikuwa kimeisema hitilafu ile wiki nyingi kabla, kwa jina la faili na namba ya mstari. Onyo B006. Lilikuwa limelala katikati ya maonyo elfu tatu na ushei, mengi yakilalamikia mistari iliyozidi herufi 79. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, na sisi ofisini tulikuwa ng'ombe wa kutosha.

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kuulizwa habari hizi, na wanaonijia hawaulizi nadharia. Wanakuja na malalamiko: kinapiga kelele, kimenyamaza, kimeganda. Kwa hiyo nitakwenda hivyo hivyo, dalili kwanza.

Kwa ambaye hajakutana nalo jambo hili: uchanganuzi tuli ni kuukagua msimbo bila kuuendesha. Jahazi hukaguliwa likiwa nchi kavu, fundi akipita ubao kwa ubao akitafuta mwanya unaohitaji kalafati. Kulishusha majini uone kama linavuja ni kazi nyingine, nayo ina nafasi yake. Kazi yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1978 Stephen Johnson wa Bell Labs aliandika programu ya kukagua msimbo wa lugha ya C, akaiita Lint, yaani vile vinyuzi vya pamba vinavyong'ang'ania nguo. Hadi leo vyombo vingi vya jamii hii vinabeba jina hilo: ESLint, Pylint na wenzao.

"Maonyo ni mengi, hakuna anayeyasoma"

Hii ndiyo inayoongoza, na karibu kila mara chanzo ni kimoja: mtu alisakinisha kichanganuzi, akawasha kanuni zote, akakiendesha juu ya msimbo wa miaka mitano. Sisi tulifanya hivyo kabisa. Tuliona fahari, kama mtu aliyefunga kengele kila dirisha la nyumba.

Waliounda Coverity waliandika mwaka 2010 kuhusu uzoefu wao wa kuuza kichanganuzi kwa makampuni, wakasema maonyo ya uongo yakizidi asilimia 30 mambo huharibika: watu huanza kupuuza hata yale ya kweli. Na hapo wanazungumzia maonyo yanayodai kuna hitilafu. Ukichanganya humo na malalamiko ya nafasi, koma na urefu wa mistari, imani inaisha siku ya kwanza.

Tiba yangu ni kuzima kila kitu, kisha kuwasha kanuni chache ambazo onyo lake likitokea, hakuna mtu mezani atakayebisha. Kwa Python tulianza hivi, kwa kichanganuzi kiitwacho Ruff:

```toml
[tool.ruff.lint]
select = ["F", "B006", "B008", "B023"]
```

F ni kundi la makosa ya wazi: jina lisilotambulika, kitu kilicholetwa kisitumiwe. B006 ndiyo ile ya matairi. B008 ni nduguye: inakamata `def hesabu(leo=date.today())`, ambapo tarehe husomwa mara moja seva inapowashwa. Washa seva Jumatatu, na hadi Ijumaa programu itaamini ni Jumatatu. Kwa watu wanaohesabu siku za kontena kukaa bandarini, kosa hilo ni la pesa taslimu. B023 ni fankshini inayozaliwa ndani ya kitanzi ikashika kigeu cha kitanzi, kisha inapoitwa baadaye inakuta thamani ya mwisho tu.

Mambo ya mpangilio wa msimbo mpe chombo cha kupanga, kama Black au `ruff format`, kiandike upya faili bila kumuuliza mtu. Binadamu asilipwe mshahara wa kuhesabu nafasi.

Na ule msimbo wa zamani? Usijaribu kuurekebisha wote wiki moja. Nimewaona waliojaribu, waliingiza hitilafu mpya nyingi kuliko walizoondoa. Piga mstari: maonyo yaliyopo leo yaandikwe kwenye faili na yanyamaziwe, lakini onyo jipya lolote lizuie msimbo kuingia tawi kuu, yaani nakala rasmi ya mradi. Watu wa PHP wana bahati, kichanganuzi chao PHPStan kina `--generate-baseline` kwa kazi hiyo. Ruff ina `--add-noqa`, ambayo hutia alama ya kunyamazisha mstari kwa mstari. Kisha kila anayeingia faili ya zamani kwa shughuli zake, atoke ameondoa onyo moja au mawili.

"Kinasema hakuna tatizo, na programu inaanguka"

Hii ni mbaya kuliko ya kwanza. Kelele angalau zinakukera, lakini kimya kinakulaza usingizi.

Kijana mmoja wa ofisini alinionyesha skrini yake kwa furaha: mypy, kichanganuzi cha aina za data kwenye Python, imepita faili zote, hakuna kosa hata moja. Nikamwambia, "Hongera, kaka. Sasa hebu tuitie kosa kusudi." Tukafungua fankshini hii:

```python
def uzito_wa(namba):
    kontena = ORODHA.get(namba)
    return kontena["uzito"]
```

Namba isipokuwemo kwenye orodha, `get` hurudisha `None`, na mstari wa tatu unalipuka. Mypy ilikuwa imenyamaza. Tukaongeza mstari wa upuuzi mtupu, kujumlisha namba na neno. Bado kimya. Rangi ya uso wa kijana ikabadilika.

Sababu ni hii: mypy, isipoambiwa vinginevyo, haikagui ndani ya fankshini isiyotajwa aina zozote. Inapita mlangoni, inaona hapana kibao, inaendelea na safari. Tulipoandika `def uzito_wa(namba: str) -> int:` na kutaja aina ya `ORODHA`, papo hapo ikasema kwamba `kontena` huenda ikawa `None` na haiwezi kufunguliwa kwa mabano. Ilikuwa na uwezo huo tangu mwanzo; ila haikuwahi kuingia chumbani.

Ukikutana na kimya, pita vyanzo hivi kwa mpangilio. Kwanza, je, faili zenyewe zinasomwa? Angalia orodha ya zilizoachwa kwenye mipangilio. Mara nyingi mtu alitenga folda kwa muda mwaka juzi, akasahau kuirudisha. Kwa C na C++ tatizo ni zito zaidi, kwa sababu kichanganuzi lazima kijue programu inavyojengwa: vichwa viko wapi, alama zipi zimewashwa. Faili kisiyoweza kuielewa huweza kuiruka, na taarifa ya kuiruka iko mahali pasipotazamwa na mtu. Watu wa Coverity walisema kwa kifupi: huwezi kukagua msimbo usiouona, wala usioweza kuusoma.

Pili, kwa mypy, washa `check_untyped_defs` ili iingie hata fankshini zisizotajwa aina, na kwa msimbo mpya `disallow_untyped_defs` ili izikatae kabisa. Tatu, msake `Any`. Hii ni aina inayomaanisha "chochote kile", na inaambukiza: thamani ikitoka kwenye maktaba isiyo na maelezo ya aina, kila inachokigusa nacho kinakuwa chochote kile, na ukaguzi wote unalegea kimyakimya. Ukitilia shaka kigeu, andika `reveal_type(kontena)` chini yake uendeshe mypy, itakutajia inachokidhani. Kama jibu ni `Any`, umeshampata mwizi. Yule wa kudumu kwetu ni `ignore_missing_imports`, mpangilio wa kunyamazia maktaba zisizo na maelezo ya aina, ambao kila mtu huuweka siku ya kwanza ili apate amani.

Na ile hila ya kutia kosa kusudi usiifanye mara moja tu. Sisi tuna faili moja ndogo yenye makosa kumi tunayoyajua, na seva inayojenga programu huikagua kila siku. Maonyo yakipungua kumi, kazi inasimama hadi tujue kwa nini.

"Msimbo wangu uko sawa, kichanganuzi kinanionea"

Huenda. Lakini nitakuomba kwanza ukae na onyo hilo muda wa kikombe kimoja cha kahawa tungu, usome njia nzima kinayoidai. Nimehesabu mara nyingi ambapo mtu, na mimi nikiwemo, alisema "hiyo haiwezi kutokea" kisha akanyamaza katikati ya sentensi.

Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliruka kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ikavunjika angani kabla ya sekunde 40 kutimia. Ndani ya mfumo wake wa kuongoza safari, namba ya biti 64 yenye desimali ilibadilishwa kuwa namba nzima ya biti 16, ikawa kubwa kuliko chombo chake. Badiliko hilo halikuwekewa kinga kwa sababu hesabu zilionyesha thamani haiwezi kufika huko. Na kweli haikuweza, kwenye Ariane 4, ambako msimbo ule ulitoka. Njia ya roketi mpya ilikuwa nyingine.

Kwa hiyo swali la kuuliza mbele ya onyo ni "ni jambo gani ninalolijua mimi ambalo msimbo hausemi?" Ukilipata, liandike ndani ya msimbo: sharti, `assert`, aina iliyobanwa. Onyo litaondoka, na atakayekuja baada yako atalijua pia.

Hata hivyo maonyo ya uongo yapo na yatakuwepo. Henry Rice alithibitisha mwaka 1953 kwamba hakuna njia moja ya kimashine inayoweza kujibu kwa usahihi, kwa kila programu, swali lolote lenye uzito kuhusu tabia yake. Anayeunda kichanganuzi analazimika kuchagua. Akitaka asikose hitilafu hata moja, atalalamika pia pasipo na kosa. Akitaka asikuonee, ataachia baadhi zipite. Vingi tunavyotumia kila siku, mypy na Ruff vikiwemo, vimechukua njia ya katikati bila aibu.

Kwa wanaojenga chombo chao, uongo mwingi hutoka kwenye mambo mawili. La kwanza ni kukumbuka kila kigeu peke yake. Tuseme unafuatilia masafa ya thamani: `x` iko kati ya 0 na 10, kisha msimbo unasema `y = x`. Chombo chako kinaandika kwamba `y` nayo iko kati ya 0 na 10. Halafu unafika `x - y`, inayotumika kama faharasa, yaani namba ya nafasi ndani ya orodha. Mtoto wa darasa la nne atasema jibu ni 0. Chombo chako kinasema ni kati ya -10 na 10, kisha kinaonya kwamba faharasa inaweza kuwa hasi. Kimesahau kwamba vigeu hivi viwili ni pacha. Dawa ni mbinu zinazoweka uhusiano wa vigeu, kama ile ya maumbo ya pande nyingi ya Patrick Cousot na Nicolas Halbwachs ya mwaka 1978. Lakini bei yake kwa muda na kumbukumbu ya kompyuta ni kubwa, kwa hiyo watu huitumia pale panapouma tu.

La pili ni chombo kutoijua nyumba yako. Vichanganuzi vya usalama hufuata data chafu kutoka inapoingia, mfano fomu ya wavuti, hadi mahali pa hatari, mfano swali la hifadhidata. Kama mmeandika fankshini yenu wenyewe ya kusafisha, chombo hakina habari kwamba inasafisha. Mwambie. Semgrep na CodeQL zote zina nafasi ya kutaja vyanzo, visafishaji na mahali pa hatari. Ila kabla hujamwambia, isome upya fankshini yenyewe. Ya kwetu ilikuwa inaondoa alama za nukuu moja tu, na tuliiamini miaka miwili.

Na ukisikia mtu anasema maonyo ya uongo hayaepukiki kwa hiyo vichanganuzi ni bure, mkumbushe kichanganuzi kiitwacho Astrée. Novemba 2003 ilikagua msimbo mkuu wa kuongoza ndege ya Airbus A340, mistari 132,000 ya C, ikathibitisha hakuna makosa ya wakati wa kuendesha, bila onyo la uongo hata moja. Ilitumia saa 1 na dakika 20 kwenye kompyuta ya kawaida ya wakati huo. Siri ni kwamba ilishonwa kwa ajili ya msimbo wa aina ile. Kanzu ya kupimwa mwilini haifanani na ya kununua sokoni.

"Kila mtu ananyamazisha"

Tafuta `# noqa` na `# type: ignore`, alama za kukiambia kichanganuzi kinyamaze, kwenye msimbo wenu wote, uhesabu. Usiwagombeze vijana bado. Huenda chanzo ni dalili ya kwanza, kelele.

Kunyamazisha bila kuelewa kuna historia yake. Mwaka 2006 msimamizi wa OpenSSL, maktaba ya kulinda mawasiliano kwa siri, upande wa Debian, mfumo wa jamii ya Linux, aliondoa mistari miwili kwa sababu chombo cha ukaguzi kililalamikia kumbukumbu isiyojazwa. (Chombo chenyewe, Valgrind, hupima programu ikiwa inakimbia, lakini fundisho ni lile lile.) Mstari mmoja haukuwa na maana kubwa. Wa pili ndio uliokuwa ukikoroga namba za bahati nasibu za kutengenezea funguo za siri. Kikabaki chanzo kimoja tu, namba ya mchakato, ambayo haizidi 32,768. Mambo yalipogunduliwa Mei 2008, funguo za miaka karibu miwili zilikuwa zinaweza kukisiwa moja baada ya nyingine.

Sheria ya ofisini kwetu: hakuna kunyamazisha kwa jumla. Andika namba ya onyo, kama `# type: ignore[index]`, na kando yake sababu kwa Kiswahili cha kueleweka. Washa `warn_unused_ignores` kwenye mypy, au RUF100 kwenye Ruff, ili alama iliyokwisha kazi yake iondolewe. Ukimwona mtu ameandika sababu "kinasumbua tu", mwite mkae pamoja.

"Kinachukua saa nzima" au "hakimalizi kabisa"

Angalia kwanza kama kinakagua msimbo usio wenu: `node_modules`, `vendor`, faili zinazozalishwa na mashine. Mara nyingi hapo ndipo mwisho wa uchunguzi. Kisha angalia kama seva inahifadhi matokeo ya jana au inaanza upya kila safari.

Kama chombo ni chako mwenyewe, basi tuongee vingine. Ukifuata kila njia peke yake, masharti 20 yaliyofuatana yanakupa njia 1,048,576. Unganisha hali baada ya kila sharti, au weka kikomo na ukiri kwamba umekiweka.

Kuganda kabisa huwa ni kitanzi. Tuseme `i` inaanza 0 na kitanzi kinaendelea maadamu `i < 20`. Mzunguko wa kwanza chombo kinaandika masafa 0 hadi 0, wa pili 0 hadi 1, wa tatu 0 hadi 2. Kwa 20 utafika. Kwa milioni, mpishi atafunga mkahawa ukiwa bado unasubiri. Na kikomo kikiwa hakijulikani, hutafika. Patrick na Radhia Cousot walitoa dawa mwaka 1977: ukiona mpaka unakua, ruka moja kwa moja, andika 0 hadi isiyo na mwisho. Kisha rudi nyuma ubane kwa kutumia sharti lenyewe: ndani ya kitanzi `i` ni 0 hadi 19, na ukitoka ni 20 kamili. Kama chombo chako bado hakimalizi, kagua kama upanuzi huo uko kwenye kichwa cha kila kitanzi. Cha kwangu kilikuwa kinasahau vitanzi vilivyozaliwa na `continue`. Nilipoteza wikendi mbili.

"Kwangu hakuna onyo, kwenye seva yapo kumi"

Matoleo tofauti. Funga namba kamili ya toleo kwenye faili ya mradi, uipandishe kwa siku maalumu na kwa ombi la badiliko la peke yake, lisilochanganywa na kazi nyingine, maana toleo jipya huja na maonyo mapya na usipoyatenga kila mtu atalilaumu ombi lake. Kama matoleo ni sawa na bado yanatofautiana, tafuta kikomo cha muda: kompyuta yenye kasi ndogo inakata uchunguzi njiani na kunyamaza.

"Maonyo ni ya kweli, watu wanakubali, na hawarekebishi"

Uliza onyo linamfikia mtu saa ngapi. Wahandisi wa Facebook walieleza jambo hili waziwazi mwaka 2019, walipoandika kuhusu kichanganuzi chao Infer. Mwanzoni walikiendesha usiku juu ya msimbo wote na kuwapa wahandisi orodha. Maonyo yaliyorekebishwa yalikuwa karibu asilimia 0. Wakaleta maonyo yale yale wakati mtu ameleta badiliko lake likaguliwe na wenzake, na yaliyorekebishwa yakapita asilimia 70. Chombo hakikubadilika.

Mtu aliyeandika mstari dakika kumi zilizopita bado anaukumbuka kichwani. Ukimletea wiki ijayo yuko Likoni anasubiri feri, akili iko kwa watoto.

"Kanuni niliyojiandikia haikamati kitu"

Baada ya mkasa wa matairi nilijiandikia mkaguzi wangu, kwa hasira zaidi kuliko kwa haja:

```python
import ast, sys

mti = ast.parse(open(sys.argv[1], encoding="utf-8").read())
for kifundo in ast.walk(mti):
    if isinstance(kifundo, ast.FunctionDef):
        for thamani in kifundo.args.defaults:
            if isinstance(thamani, (ast.List, ast.Dict, ast.Set)):
                print(thamani.lineno, kifundo.name)
```

Kinafanya kazi, na kina matundu angalau manne. Vigezo vinavyokuja baada ya nyota vimo ndani ya `kw_defaults`, si `defaults`. Fankshini za `async` ni aina nyingine ya kifundo, `AsyncFunctionDef`. Lambda nazo zina vigezo. Na mtu akiandika `list()` badala ya `[]`, mti wa msimbo unaonyesha mwito wa fankshini tu, si orodha. Ukiandika kanuni, andika pamoja nayo faili mbili: moja ya mifano ambayo lazima ikamatwe, nyingine ya mifano isiyopaswa kuguswa. Bila ya pili, utaunda chura mwingine. (Ile `encoding` usiiache. Jina la mteja likiandikwa kwa herufi za Kiarabu, mashine ya Windows ya jirani yangu ilikuwa inagoma kabisa.)

Wakati mwingine kanuni haihitajiki, unahitaji aina. Tulikuwa na fankshini inayopokea namba ya kontena na namba ya hati ya mzigo, zote mbili `str`, na mtu akazigeuza. Kwa kichanganuzi, herufi ni herufi. Tukaandika `NambaKontena = NewType("NambaKontena", str)` na mwenzake wa hati, na mypy ikaonyesha mahali pawili pengine palipogeuzwa tusipopajua.

"Kimenyamaza, na hakina kosa"

Juzi mzee alipiga tena. Safari hii hapakuwa na matairi. Ankara yake ilikuwa imezidi siku moja kwenye kila kontena, na kila kontena kwa namna ile ile. Nikapitisha vichanganuzi vyote, hakuna kitu. Nikatia makosa kusudi, yakakamatwa yote. Aina ziko, `Any` hakuna, tarehe inasomwa upya. Msimbo ulikuwa unafanya sawasawa nilichouambia: kuhesabu kuanzia siku meli inapofunga gati.

"Mwanangu," akasema mzee, "na nani aliyekwambia siku zaanza kuhesabiwa meli ikifunga gati?"

Nikavuta daftari, nikamwomba anieleze tangu mwanzo.